Ubao Juu ya Mtaro: Mafunzo ya Njia ya Miguu na Baiskeli kutoka Temeke hadi Mjini

Njia inayounganisha makazi na katikati ya mji, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni mfululizo wa sehemu za kupita ambao mtu anaweza kuufuata kwa miguu au kwa baiskeli, kutoka mlangoni kwake hadi sokoni, kazini, shuleni au hospitalini, bila kulazimika kugombea nafasi na magari yaendayo kasi. Neno la kuzingatia katika maana hiyo ni mfululizo, kwa kuwa urefu wa vipande vilivyojengwa vizuri hausemi lolote mpaka ijulikane njia inakatikia wapi: mama anayempeleka mtoto kliniki hafaidiki na kilomita 2 za vitofali vilivyopangwa vizuri ikiwa katikati yake kuna barabara pana ambayo hathubutu kuivuka. Hoja hii, ambayo katika vitabu vya mipango miji hutajwa kwa sentensi moja na kupitwa, ndiyo inayojirudia katika kumbukumbu za mwandishi, aliyekulia Temeke, Dar es Salaam, na ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 amekuwa akienda Kariakoo na Posta kwa miguu, kwa baiskeli na, nauli ilipopatikana, kwa daladala.

Ili kuelewa kwa nini njia hiyo hukatikia mahali pale pale kila kizazi, ni lazima kutazama jinsi mji wenyewe ulivyopangwa. Utawala wa kikoloni, wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza, uliugawa mji kwa misingi ya rangi, na wakazi wakazoea kuyaita maeneo yake Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Kariakoo, yaliyokuwa makazi ya Waafrika, na mji wa maduka na ofisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watu walipozidi kuongezeka, makazi mengine ya Waafrika yaliendelezwa nje zaidi, Ilala, Magomeni na Temeke, na kwa upande wa Temeke kati ya nyumba na mji kukawa na ukanda wa viwanda na maghala uliofuata reli ya kati na barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Reli, barabara kuu na kuta za viwanda vimelala karibu sambamba, na vyote vitatu humkatiza mtu wa Temeke anayekwenda mjini. Umbali wenyewe hautishi, kwani kutoka Temeke hadi Kariakoo ni kilomita 5 au 6, yaani mwendo wa saa moja na ushei kwa miguu, au nusu saa kwa baiskeli isiyo na haraka. Kinachofanya safari iwe ndefu ni vizuizi hivyo vitatu.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya uhaba. Mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu 1973, magari ya watu binafsi yaliwahi kupigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri, mabasi ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, hayakutosha, na daladala, ambazo jina lake limetokana na dala, yaani sarafu ya shilingi 5, ziliruhusiwa rasmi mwaka 1983. Katika hali hiyo baiskeli ilikuwa mali ya nyumba, ikilazwa ndani usiku pamoja na watu, iwe ni Swala, iliyotengenezwa nchini na kampuni ya taifa ya baiskeli, NABICO, au Phoenix ya kutoka China, ambayo wengi waliiita Foniksi. Mwandishi aliijua njia ya mjini kwa mara ya kwanza akiwa ameketi kwenye keria ya Foniksi ya baba yake, miguu ameitanua ili kisigino kisiingie kwenye spoku, na jambo lililobaki akilini ni kwamba baba hakuifuata barabara ya lami hata kidogo. Alipita vichochoro vya Chang'ombe, akatokea nyuma ya maghala ya Keko, akashuka na kuikokota baiskeli juu ya ubao mmoja uliolazwa kuvuka mtaro wa maji ya mvua, ndipo akapanda tena na kuelekea Kamata, ambako reli ilimshusha kwa mara ya pili.

Ubao ule unastahili kuelezwa. Ulikuwa wa mti mgumu, bila shaka umetoka kwa mafundi samani ambao Keko inasifika kwao, upana wake viganja vitatu hivi, na katikati yake kulikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na matairi ya baiskeli. Kwa kuwa haukuweza kubeba watu wawili waliokabiliana, ulikuwa na adabu yake: kijana alisimama kando akamwamkia mkubwa shikamoo, mkubwa akaitika marahaba akiwa tayari juu ya ubao, na mwenye mzigo alipita kabla ya asiye na mzigo, hata kama asiye na mzigo ndiye aliyefika kwanza. Masika ilipousomba ubao huo, haukupita usiku wa pili kabla mwingine haujawekwa mahali pale pale, na hakuna ofisi iliyohusika. Funzo la kwanza linatoka hapo, nalo ni kwamba mchoro wa njia hutangulia ujenzi wake: watu wanaotembea kila siku wamekwisha kupima mwinuko, kivuli, tope na usalama kuliko mtaalamu atakayekuja kwa wiki mbili na daftari, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpangaji ni kuzifuata njia za mkato zilizokanyagwa, na kuuliza kila moja inakwepa nini.

Funzo la pili linahusu upana. Michoro mingi huchukulia kwamba mwendesha baiskeli ni mtu mmoja mwembamba asiyebeba kitu, ilhali katika Dar es Salaam aliyekuwa akionekana zaidi alfajiri ni muuza samaki aliyetoka soko la samaki la Feri na tenga nyuma, muuza mikate mwenye sanduku la mbao lililozidi usukani kwa upana, na mleta mkaa kutoka upande wa Pugu mwenye magunia yaliyofungwa kwa mipira ya matairi kiasi kwamba hawezi kugeuza shingo kutazama nyuma. Baiskeli ya namna hiyo huhitaji zaidi ya mita moja ya nafasi ikiwa inakwenda peke yake, na mbili zikipishana huhitaji zaidi ya mita mbili, bila kuhesabu mguu unaoshuka chini kuzuia baiskeli isianguke. Pale njia inapokuwa nyembamba kuliko mzigo, mwenye mzigo huingia barabarani, na kwa kuwa hawezi kutazama nyuma, huwa amekabidhi maisha yake kwa dereva asiyemjua. Vivyo hivyo, watembeao kwa miguu hawatembei mmoja mmoja: wanafunzi hutembea kwa makundi, mama humshika mtoto mkono, na wanawake watokao Tandika na beseni kichwani hawawezi kuinama kupita chini ya tawi au bango.

Jitihada za kwanza ambazo mwandishi alizishuhudia za kulitazama jambo hili kitaalamu zilikuja katika miaka ya 1990, wakati mpango wa sera za usafiri wa Afrika kusini mwa Sahara uliosimamiwa na Benki ya Dunia, ujulikanao kwa kifupi kama SSATP, ulipoendesha majaribio ya usafiri usiotumia injini katika miji minne, yaani Dar es Salaam na Morogoro kwa Tanzania, na Nairobi na Eldoret kwa Kenya. Usafiri usiotumia injini ni jina la pamoja la kutembea, kuendesha baiskeli na kusukuma mkokoteni, na jina hilo lenyewe lilikuwa hatua, kwa sababu liliwatambua kama wasafiri watu ambao awali walihesabiwa kuwa kikwazo cha wasafiri. Temeke ilikuwa sehemu ya majaribio hayo, na uzoefu wake uliingia katika mwongozo wa kupanga njia za miguu na baiskeli katika miji ya Afrika uliochapishwa mwaka 2001 na Marius de Langen na Rustica Tembele. Miongoni mwa vifaa vya ujenzi vilivyopata umaarufu katika kazi za namna hiyo ni kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lenye mgongo bapa ambalo juu yake huchorwa mistari ya pundamilia, hivyo kwamba mtu havuki kwa kushuka kwenye lami ya magari, bali gari ndilo linalopanda kwenye usawa wa mtu.

Tofauti kati ya kivuko cha rangi tupu na kivuko kilichoinuliwa haihitaji utafiti mrefu kwa mtu aliyesimama kando ya vyote viwili na mtoto mkononi. Kwenye rangi tupu dereva huamua kusimama au kutosimama, na mara nyingi huamua kupiga honi; kwenye tuta bapa springi za gari ndizo huamua kwa niaba yake. Zaidi ya hayo, rangi hufutika ndani ya misimu michache ya mvua, lakini zege lililoinuliwa hubaki na kazi yake hata pale ofisi inayolisimamia inaposahau kwamba lipo. Hili ni la msingi kwa miji ambayo fedha za matengenezo hupatikana kwa kubahatisha: kinachofaa kujengwa kwanza ni kile kitakachoendelea kufanya kazi baada ya kusahaulika.

Hali ni tofauti kwa madaraja ya juu ya waenda kwa miguu, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa jibu la haraka kila ajali zinapozidi. Manzese, katika Barabara ya Morogoro, daraja la juu lilikuwa alama ya mtaa kiasi cha kituo cha basi kuitwa Darajani, na bado kila aliyepita hapo aliwaona watu wakivuka chini yake. Maelezo ya kawaida ni kwamba watu hao ni wakaidi, lakini hesabu inaonyesha jambo jingine. Daraja la juu lazima liache malori yapite, kwa hiyo sakafu yake huwa mita 5 na nusu hivi kutoka chini. Likijengewa ngazi, mwenye baiskeli, mlemavu na mzee hawapandi. Likijengewa mteremko unaoweza kupandwa na baiskeli au kiti cha magurudumu, yaani mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za kwenda mbele, kila upande unahitaji mita 66 za mteremko. Mtu anayetaka kuvuka barabara ya mita 30 hutakiwa basi kutembea zaidi ya mita 160, akiwa na beseni, juani, ili gari lisipunguze mwendo kwa sekunde chache. Anayekataa kufanya hivyo amepiga hesabu sahihi kwa kipimo cha hatari, na funzo la tatu ni kwamba mpangaji anayemtaka mtu azunguke amekwisha kuamua muda wa nani una thamani.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na mabasi yaendayo haraka, ambayo wakazi waliyapa jina la mwendokasi. Awamu ya kwanza, yenye kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kutoa huduma Mei 2016, na pamoja na njia za mabasi ilijenga njia za miguu na za baiskeli pande zote mbili za Barabara ya Morogoro, kazi iliyochangia Dar es Salaam kupewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018 na taasisi ya kimataifa ya usafiri, ITDP. Kwa mtu aliyezoea ubao wa Keko, kuendesha baiskeli juu ya lami iliyotengwa kwa ajili yake ilikuwa heshima asiyoitarajia, na mwandishi, ambaye wakati huo alikuwa mtu wa makamo, aliwahi kwenda upande ule bila shughuli yoyote, ili aipite tu. Lakini baada ya miezi kadhaa ladha ya safari ilibadilika. Magari yaliegeshwa juu ya njia, bodaboda ziliitumia kukwepa foleni, nguzo fupi zilizowekwa kuzizuia zilikaribiana kiasi kwamba baiskeli yenye sanduku haikupita, na palipotokea makutano ya mtaa njia ilikoma ghafla kwenye ukingo wa zege, ikaendelea ng'ambo kana kwamba baiskeli hupaa. Bonde la Jangwani nalo, ambako Mto Msimbazi hufurika hadi huduma za mabasi zenyewe kusimamishwa, liliikata njia kwa maji.

Kasoro hizo hazikufuta faida ya mradi. Zilifundisha kwamba njia iliyo kando ya barabara kuu ni shina, na shina lisilo na matawi halilishi mtu. Mkazi wa Manzese au Mburahati aliyepo nusu kilomita ndani ya mtaa alihitaji kwanza kufika kwenye shina hilo, na kati yake na shina kulikuwa na uchochoro wenye mtaro wazi, usio na taa. Hapa ndipo mgawanyo wa mamlaka unapogusa maisha ya mtu wa kawaida, kwa kuwa barabara kuu na za mikoa husimamiwa na wakala wa barabara wa taifa, TANROADS, ilhali za mijini na vijijini husimamiwa na wakala mwingine, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, na mitaro, nguzo za umeme, mabomba na vibali vya biashara kila kimoja kina mwenyewe. Hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa pande zote mbili za barabara kwa ajili ya upanuzi na huduma zake, ilipanuliwa na Sheria ya Barabara ya 2007, lakini katika mazoea ya kazi huwa ni akiba ya magari yatakayokuja kabla ya kuwa mahali pa watu waliokwisha kuwepo. Mwandishi aliwahi kushuhudia, katika mtaa mmoja usiohitaji kutajwa, njia mpya ya miguu ikikamilika Ijumaa na nguzo kusimikwa katikati yake Jumanne iliyofuata. Kila ofisi iliyoulizwa ilionyesha mchoro wake, na kila mchoro ulikuwa sahihi, isipokuwa hakuna uliomwonyesha mtembeaji.

Suala la wamachinga, yaani wafanyabiashara wadogo wa kando ya barabara, linahitaji uangalifu kuliko linavyopewa. Ni kweli kwamba meza na turubai huziba njia na kuwasukuma watu kwenye magari, na mwishoni mwa 2021, walipohamishiwa maeneo yaliyotengwa, njia nyingi za mjini zilionekana upya kana kwamba zimefuliwa. Hata hivyo, katika baadhi ya sehemu alizopita mwandishi jioni za miezi ile, wanawake waliotoka kazini walianza kuikwepa njia iliyo wazi wakapita palipo na maduka, kwa sababu waliokuwa wakiuza mahindi na vocha ndio pia waliokuwa na taa, macho na sauti ya kumkemea kibaka. Njia salama kwa maana ya magari inaweza kuwa ya hatari kwa maana ya watu, na suluhisho linaloonekana kufaa ni kupima upana wa kupita kwanza, kuulinda bila msamaha, kisha kutenga nafasi ya wauzaji nje ya upana huo, chini ya miti, kwa kuwa katika jua la Dar es Salaam mwarobaini mmoja humfaa mtembeaji kuliko vitofali vya rangi.

Funzo la nne ni la kasi, na ndilo la bei nafuu kuliko yote. Si kila mtaa unahitaji njia ya baiskeli iliyotengwa. Pale ambapo magari hayazidi kilomita 30 kwa saa, baiskeli, mtoto na bajaji huweza kutumia nafasi moja, kwa sababu dereva ana muda wa kuona na kusimama, na hata akishindwa, pigo la gari si lile la kuua. Ushahidi wa hili uko Dar es Salaam kwenyewe, ambako shirika la Amend lilianzisha mpango wa kuboresha usalama kandokando ya shule za msingi kwa matuta, vivuko, alama na vipande vifupi vya njia za miguu, mpango ambao baadaye ulienea katika nchi nyingine za Afrika na mwaka 2019 ukapata tuzo ya kwanza ya Ross Prize for Cities ya taasisi ya World Resources Institute. Kinachovutia katika kazi hiyo ni mpangilio wake, kwani haikuanza kwa kuuliza kilomita ngapi zitajengwa, ilianza kwa kuuliza watoto wanagongwa wapi, ikaenda hapo. Mji uliohesabiwa kuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022 hauwezi kusubiri mtandao kamili wa njia ukamilike ndipo watu wake wavuke barabara kwa amani.

Mafunzo haya yote yakikusanywa yanaupa ujenzi wa njia utaratibu ambao ni kinyume cha ule uliozoeleka. Kwa kawaida huanzwa na sehemu rahisi, yenye nafasi na isiyo na mgogoro, ambako kilomita hukamilika haraka na picha za uzinduzi hupendeza, huku makutano, reli na mtaro vikiachwa kwa awamu itakayofuata. Mtu anayeijua njia kwa miguu yake angeanza na mahali inapokatika, hata kama fedha zote zingeishia kwenye kivuko kimoja cha Barabara ya Nyerere au njia moja ya kupita relini Kamata, kwa sababu vipande vingine vya safari, vibaya kama vilivyo, watu wamekwisha kuvimudu. Katika miaka ya baiskeli ya mwandishi, kusubiri kuvuka mahali pawili hapo kulichosha kuliko kuipita Chang'ombe nzima.

Ubao wa Keko uliondolewa wakati mtaro ulipojengwa upya kwa zege, ukachimbwa zaidi na kupewa kuta zilizonyooka, kazi nzuri ambayo ilipunguza mafuriko na ambayo wakazi waliishukuru. Mchoro wake ulikuwa na kivuko cha zege chenye vizuizi vya mkono pande zote mbili, kipana na imara, ila kiliwekwa karibu na lango la ghala, hatua mia na ushei kutoka pale watu walipokuwa wakivuka tangu zamani. Kabla ya wiki kwisha ubao mwingine ulikuwa umelazwa mahali pale pale pa zamani, mrefu zaidi kwa kuwa mtaro ulikuwa umepanuka, ukiyumba kidogo kwa kuwa ulikuwa juu zaidi, na vijana waliendelea kusimama kando ili wakubwa wapite. Fundi aliyekuwa akimalizia kazi aliuondoa mara mbili. Mara ya tatu aliwaomba wenye mtaa wamwonyeshe unapotakiwa ukae, akamimina zege kwenye ncha zake zote mbili usije ukateleza.